Dunia Uwanja wa Fujo: mirathi, shamba na kitanzi

Anayetaka riwaya ya upelelezi yenye maiti ukurasa wa kwanza na mpelelezi mjanja aiache hii dukani. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi (1975) mauaji yanakuja mwishoni, na muuaji tunamjua tangu utoto wake. Kumtaja hakuharibu utamu: ni Tumaini. Kinachokushika ni namna anavyofika hapo.

Kijana wa Ukerewe anarithi mali ya wazazi, anaitapanya Mwanza kwa starehe na wanawake, kisha anatulia na kuwa mkulima mkubwa. Mwandishi hampi toba. Tamaa ileile iliyomzungusha mjini sasa imepata shamba, na shamba analishikilia kuliko alivyowahi kumshikilia mwanamke yeyote. Ndiyo maana ujamaa unapolichukua, anaua kiongozi wa serikali. Usitarajie bahasha za kaki chini ya meza. Uozo unaochunguzwa hapa ni wa moyo uliozoea kumiliki, ukikutana na dola isiyobembeleza.

Upande wa sheria ndio umenivutia zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 201, humpunguzia mtu kosa la mauaji akiwa ameua kwa hasira ya ghafla, kabla damu haijapoa. Hasira ya ardhi haiji hivyo. Huiva polepole, msimu hadi msimu. Kwa hiyo mtu wa aina ya Tumaini huangukia kifungu cha 197, kunyongwa, na miaka yote ya nyuma haina uzito mbele ya jaji. Riwaya inaipa uzito huo, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake kubwa.

Msomaji wa Dodoma ataielewa nusu ya pili bila tanbihi. Operesheni Dodoma ilikwisha kuhamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitaka nchi nzima iwe vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Kitabu kilitoka katikati ya zoezi hilo, wino ukiwa mbichi kama vumbi la malori. Kuandika hivyo wakati ule kulihitaji ujasiri.

Udhaifu upo. Wanawake wamechorwa kwa mistari michache mno, hasa ukizingatia wanavyoyageuza maisha ya Tumaini. Mabishano ya siasa nayo mara nyingine yanasikika kama hotuba za mkutano wa hadhara.

Kikundi cha usomaji kikigawe mara mbili, pale Tumaini anapoingia kwenye kilimo: sehemu ya kwanza inasomeka haraka, ya pili itafuneni taratibu na acheni muda wa kubishana. Ukinunua nakala kuukuu, fungua kwanza kurasa za mwisho uone kama zipo. Gundi ya uti wa vitabu vya zamani hukauka, karatasi za nyuma zikachomoka, na hukumu yenyewe iko huko.