Taarifa ya theluji ya Davos, kama tunavyoisoma Tanga

Kwa sisi tunaofundisha Jiografia katika sekondari za Tanga, theluji ni mada ngumu, kwa sababu mwanafunzi aliyekulia Ngamiani au Chumbageni anaijua kwa picha ya kilele cha Kibo tu, na picha ile humfanya aamini kwamba theluji ikishaanguka imetulia, haibadiliki tena mpaka iyeyuke. Huduma ninayoitathmini hapa imeiondoa dhana hiyo darasani kwangu vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kutumia. Ni taarifa ya theluji na ya hatari ya maporomoko inayotolewa bure mtandaoni na SLF, taasisi ya utafiti iliyoko Davos, Uswisi, mji ambao wenyewe ni kituo mashuhuri cha kuteleza kwenye theluji. Katikati ya majira ya baridi hutoka saa 11 jioni na kurudiwa saa 2 asubuhi kwa saa za huko, yaani saa 1 usiku na saa 4 asubuhi kwetu, na ile ya saa 4 huangukia vizuri ndani ya ratiba ya vipindi.

Nilianza kuithamini baada ya kuilinganisha na programu moja ya simu ya hali ya hewa ambayo hutoa namba moja tu kwa kituo kizima: kesho, sentimita 20. Namba hiyo haisemi ni wapi. Mji wa Davos uko mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Weissfluhgipfel, ambako watelezaji hufikishwa kwa gari la kebo, kiko mita 2,844. Yeyote aliyepanda kutoka joto la Mombo hadi Lushoto akalazimika kutoa sweta kwenye begi anaelewa maana ya tofauti hiyo, isipokuwa kwamba kule nyuzi nane hivi zinazopungua kati ya mji na kilele ndizo zinazoamua kama chini kutanyesha mvua na juu kuanguke theluji. Kwa kawaida theluji hushuka mita 200 hadi 300 chini ya kimo ambacho joto ni nyuzi sifuri. Lakini mvua ikiwa kubwa na bonde likiwa jembamba, theluji inayoyeyuka hewani hufyonza joto la hewa yenyewe, hewa hupoa, na mpaka wa theluji huweza kushuka hadi sakafu ya bonde, ingawa vipimo vya asubuhi vilionyesha mvua. Isitoshe, milimita 10 za maji hutoa takriban sentimita 10 za theluji mpya, lakini kukiwa na baridi kali huwa nyingi na nyepesi, na joto likikaribia sifuri huwa chache, nzito na zenye maji. SLF hutaja vimo, na ramani zake huonyesha theluji mpya ya saa 24, kina cha theluji yote, na jinsi kina hicho kinavyolingana na wastani wa miaka mingi. Hapo ndipo mtu anapoanza kuelewa badala ya kukariri.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mchoro mdogo wa mviringo uliogawanywa kwa pande za dira, ambao hutiwa rangi nyeusi katika miteremko yenye hatari zaidi. Asubuhi moja nusu ya kaskazini ilikuwa nyeusi yote, na binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona upande wa kusini umeachwa mweupe? Si mlima ni ule ule?" Swali lake lilitupa kipindi kizima. Hapa Tanga jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo mteremko kutazama kaskazini au kusini si jambo la kuhangaisha mtu; Davos, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri huinuka nyuzi 20 tu hivi kutoka kwenye upeo wa macho, tena upande wa kusini, na miteremko ya kaskazini hukaa kivulini kwa majuma. Theluji ikiwa nyembamba na baridi ikawa kali, ardhi iliyo chini yake hubaki karibu na nyuzi sifuri huku uso wake ukiganda sana. Tofauti hiyo ya joto hugeuza chembe za ndani kuwa kubwa na zisizoshikana, na tabaka hilo dhaifu likifunikwa na theluji mpya iliyorundikwa na upepo, uzito wa mtelezaji mmoja huweza kuuporomosha mteremko. Taarifa hueleza tatizo la siku kwa jina lake: theluji mpya, theluji ya upepo, tabaka dhaifu la zamani, theluji yenye maji, au theluji inayoserereka juu ya nyasi.

Kipimo cha hatari kina viwango vitano, na msomaji mgeni huhitaji tahadhari hapa. Kiwango cha 3 kinaonekana kama cha wastani kwa sababu kiko katikati, lakini hatari hupanda kwa kasi kutoka kiwango kimoja hadi kingine, na vifo vingi hutokea siku za kiwango hicho hicho. Kiwango cha 5 ni nadra; Januari 2018 kilitangazwa katika maeneo mapana ya Alps za Uswisi kwa mara ya kwanza tangu 1999. Ieleweke pia kwamba taarifa inahusu miteremko iliyo nje ya njia zinazolindwa na kituo, kwa hiyo anayetaka kujua kama njia rasmi zimefunguliwa aulize kituo chenyewe.

Upungufu mkubwa kwetu ni lugha: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza tu. Mimi huandika tafsiri yangu ubaoni, na ramani hujieleza zenyewe. Kwa mwalimu wa Jiografia naipendekeza bila kusita, hasa kuanzia Januari shule zinapofunguliwa. Aifuatilie hadi Aprili, wanafunzi waone jinsi uso unavyoganda usiku mbingu ikiwa wazi, hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi sifuri, kisha ukalainika jua likishapanda, na jinsi onyo la siku hizo linavyotenganisha asubuhi na mchana.