Daybreakers: muvi ya wanyonya damu inayodai sehemu ya pili

Mtu wa Dodoma ana sababu yake ya kuitafuta Daybreakers. Dawa ya kumponya mnyonya damu inapatikana ndani ya tangi la kuchachushia mvinyo, na wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, huko huko Dodoma, wataelewa upesi kwa nini.

Muvi hii ya mwaka 2009 ni ya ndugu pacha wa Australia, Michael na Peter Spierig. Hadithi iko mwaka 2019, karibu dunia nzima imeshageuka kuwa wanyonya damu. Sisi huku tumekua na habari za mumiani anayevizia gizani. Humu mumiani ni kampuni yenye ghorofa na wafanyakazi waliovaa tai, inafuga binadamu na kuwakamua. Na damu inakwisha. Wanaoikosa wanaota mabawa kama popo na kula hata wenzao. Kibanda cha kahawa kikipunguza kipimo cha damu kwenye kikombe, wateja wanapigana. Tukio dogo tu, lakini linatisha kuliko meno yote, maana foleni ya kitu kilichoadimika tunaijua.

Sasa lile tangi. Edward Dalton (Ethan Hawke), daktari wa damu ambaye naye ni mnyonya damu, anasimama ndani. Jua linaingizwa kidogo, anashika moto, kisha hewa inaondolewa na moto unazimika. Wanarudia. Jua likipungua, moyo haupigi. Likizidi, ni jivu. Kwa nini tangi? Moto hauishi bila hewa, na tangi la mvinyo limetengenezwa kuzuia hewa. Mshumaa ukiuteremsha juu ya zabibu zinazochachuka unazimika, kwa ile gesi inayotokana na chachu. Ndiyo maana tangi haliingiwi kabla ya kupitishwa hewa. Waandishi walilifikiria jambo hili kweli.

Halafu inagundulika kwamba aliyepona, damu yake inamponya anayemng'ata. Hapo ndipo muvi ilipoachwa njiani. Kwenye pambano la mwisho askari wenye njaa wanawararua waliopona, kwa hiyo askari hao wanageuka binadamu, kisha nao wanararuliwa na wenzao. Dawa ipo, ila mgonjwa anaimaliza kwa njaa. Bosi wa kampuni, Bromley (Sam Neill), hakutaka dawa kabisa. Alitaka damu ya bandia, kwa sababu mgonjwa aliyepona si mteja tena. Swali zito namna hii linafungwa kwa gari likiondoka alfajiri.

Kasoro zipo. Audrey, binadamu anayemsaidia Edward, hakupewa kazi ya maana, popo wa kushtukiza wamezidi, na robo ya mwisho inakimbizwa. Lakini iligharimu kama dola milioni 20 na ikaingiza zaidi ya milioni 50, kwa hiyo kisingizio cha hasara cha kutofanya sehemu ya pili hakipo.

Ni dakika 98. Itazame usiku, taa zimezimwa: dunia ya wanyonya damu imepakwa rangi ya bluu, ya binadamu ina joto la jua, na mchana kwenye kibanda cha video tofauti hiyo inapotea. Epuka kopi iliyotafsiriwa kwa sauti, kwa sababu mwanzo, binti akiandika barua na kutoka nje kulisubiri jua, unategemea ukimya. Watoto wasiwepo.

Sehemu ya pili ianzie kwenye gari lile, asubuhi ileile. Ioneshe binadamu wa kwanza anayejitolea kung'atwa: anafungwa wapi, wanamng'ata wangapi kwa siku, na nani anasimama pembeni kuwabandua kabla hajakauka.