Mafunzo endelevu ya wasanifu majengo mjini Bukavu: lipia mteremko na nondo, cheti kiache

Mafunzo ninayoyazungumzia hapa huandaliwa na kituo kimoja cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya wasanifu majengo na wahandisi ambao tayari wako kazini, nayo hufanyika Jumamosi nne mfululizo katika ukumbi mmoja wa Nyawera, kwa ada ya dola 120 ambazo unaruhusiwa kuzilipa kwa awamu mbili. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozitaja ni za awamu niliyohudhuria mimi na huenda zikarekebishwa; mwenye kutaka kukijua hatapata shida, kwani tangazo lake limebandikwa katika ofisi nyingi za ujenzi za Ibanda. Niseme mapema nilichoamua: Jumamosi mbili za kwanza zinastahili ada yote peke yake, ya tatu ingeweza kufutwa bila mtu kulalamika, na ya nne ilikuwa na mada nzuri iliyofundishwa kwa sheria za nchi ya watu.

Tangazo linaahidi saa 20 za mafunzo, na namba hiyo haikuokotwa njiani. Nchini Ufaransa, msanifu aliyeandikishwa katika chama rasmi cha taaluma hutakiwa kujifunza saa 20 kwa mwaka. Uingereza, wanachama wa RIBA, chama cha wasanifu cha huko, hutakiwa saa 35. Marekani, chama cha wasanifu kiitwacho AIA huwadai wanachama wake vipimo 18 vya mafunzo kwa mwaka, kila kimoja saa moja, na 12 kati ya hivyo ni lazima vihusu afya, usalama na ustawi wa watu watakaolitumia jengo. Mgawanyo huo wa Marekani ndio unaonivutia, maana theluthi mbili za masomo ya msanifu zinamhusu mtu atakayelala ndani ya nyumba na wala si uzuri wa mchoro. Kituo chetu kimechukua namba ya Ufaransa bila mgawanyo wowote, kimehesabu na mapumziko ya chai ndani yake, na mwishoni kinakukabidhi karatasi nzito yenye mhuri wa rangi mbili. Mteja wa Muhumba anayetaka ghorofa tatu hataiangalia karatasi hiyo. Atakuuliza umemjengea nani, na kama nyumba ya huyo mtu bado imesimama wima.

Jumamosi ya kwanza ilihusu ujenzi wa kwenye mteremko, na hapo mkufunzi, mhandisi wa umri wa makamo ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti, alionyesha kwamba anaujua mji. Alianza na picha za mtaa wa Funu, ambako kipande kizima cha mlima husogea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake, akatuonyesha jinsi nyufa za nyumba jirani zinavyofuatana katika mstari mmoja, jambo ambalo mwenye nyumba hulaumia fundi wake kumbe ardhi yenyewe ndiyo inayohama. Kisha akatuomba kila mmoja achore ukuta wa kuzuia udongo kama anavyouchora siku zote ofisini. Wengi tulichora mawe mengi na saruji nyingi, na wachache sana ndio waliochora njia ya maji.

Hapo ndipo somo lilipopata uzito, kwa sababu hakutuhubiria. Alitupigia hesabu ubaoni. Ukuta wenye kimo cha mita 3 ambao maji yamejaa nyuma yake hadi juu husukumwa na maji hayo kwa takriban tani 4.5 katika kila mita moja ya urefu wake, nawe hapo hujahesabu bado udongo wenyewe. Katika mji ambao mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, ukuta usio na matundu ya kutolea maji, usio na kokoto nyuma yake, usio na kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe hizo kokoto, na usio na mtaro juu wa kuyakatiza maji kabla hayajafika, ni ukuta unaosubiri msimu wake tu. Akaongeza jambo ambalo vitabu hulipita haraka: mabomba ya matundu hayo yaelekezwe kwenye mtaro wa barabara, yasiishie kwenye paa la jirani wa chini. Ukumbi ulicheka, kwani kila mmoja wetu ana mteja mwenye kesi ya namna hiyo kwa mkuu wa mtaa.

Jumamosi ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi, na ni hiyo ninayoipendekeza hata kwa wahandisi wenye mvi. Mada yake ilikuwa matetemeko ya ardhi, na haikuhitaji utangulizi mrefu kwa watu waliokuwa hapa tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, wakati tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoutikisa mji asubuhi na kuua watu huku na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Tumekaa kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na tetemeko lingine litakuja. Suala ni nguzo zetu zitakuwa zimefungwaje siku hiyo. Mkufunzi alieleza kwa kifupi kwa nini jengo lenye maduka chini, yaani nguzo tupu bila kuta, na vyumba vilivyojaa matofali juu, huanguka kama mtu mwenye miguu dhaifu aliyetwishwa gunia la saruji kichwani kisha akasukumwa ubavuni. Baada ya maelezo hayo alitutoa ukumbini, akatupeleka uani.

Uani kulikuwa na meza ya kukunjia nondo, na nyuma ya meza alisimama fundi mmoja mzee wa Kadutu aliyealikwa kwa siku hiyo. Aliombwa akunje kadre, yaani zile pete za nondo nyembamba zinazozifunga nondo ndefu za nguzo, kwa namna anayoikunja kila siku, naye akaikunja kwa sekunde chache, ncha zote mbili zikiwa zimepinda kwa pembe mraba. Mkufunzi akaichukua, akaigeuza mkononi, akamuuliza kwa heshima: "Papa, zege la nje likibanduka na nguzo ikisukumwa kutoka ndani, hii itaachia wapi?" Mzee akaitazama kidogo, akajibu bila kujitetea: "Itaachia pale pale nilipoifungia, Injinia." Kisha akaichukua tena, akazipinda ncha hadi nyuzi 135, zikaingia ndani kabisa ya nguzo kuelekea kwenye kiini chake, na akaacha mkia wa sentimita 6 baada ya kila pindo, kwa kuwa kanuni ya Ulaya inayohusu matetemeko hudai mkia wa mara kumi ya unene wa nondo, nayo ile nondo ilikuwa ya milimita 6. Tulipewa zamu ya kujaribu. Kuchora pindo la nyuzi 135 ni rahisi sana. Kulikunja kwa mkono bila kuikata nondo au kuacha mkia mfupi ni kazi, na msanifu akishaijua kazi hiyo huacha kumpigia fundi kelele na kuanza kumlipa inavyopasa.

Kilichofuata kilikuwa umbali kati ya kadre moja na nyingine. Katika viwanja vingi hapa mjini utakuta zimepangwa kila sentimita 20 kuanzia chini hadi juu, kwa usawa unaopendeza macho. Kanuni hiyo hiyo ya Ulaya hutaka zibanane karibu na miguu na vichwa vya nguzo, mahali ambapo tetemeko huuma zaidi. Kwa nguzo ya kawaida ya sentimita 25 kwa 25 yenye nondo kuu za milimita 12, umbali usiozidi mara nane ya unene wa nondo hizo ni milimita 96, yaani chini kidogo ya sentimita 10. Gharama ya kadre zinazoongezeka ni ndogo mno ikilinganishwa na vigae ambavyo mteja huyo huyo atavinunua bila kubisha. Hili peke yake limebadilisha michoro ya ofisi yangu, na nina hakika limebadilisha na ya wengine, kwani wiki iliyofuata watu kadhaa walikuja na michoro yao wakiomba isahihishwe.

Mwenzetu mmoja aliyekuja kwa boti kutoka Goma aliuliza kuhusu kuta za mawe ya volkano, ambazo kwao ndizo za bei nafuu, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Alionyeshwa picha za hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 na ambayo kuta zake zimevalishwa mawe hayo hayo ya Virunga, ili aone kwamba jiwe la lava linaweza kuwa na heshima. Kisha akaambiwa bila kufichwa kwamba ukuta wa mawe usiofungwa kwa mikanda ya zege juu na chini ni hatari ukitikiswa, hata ukiwa mnene kiasi gani.

Juu ya Jumamosi ya tatu sina mengi. Ilihusu programu za kuchorea majengo kwa pande tatu kwenye kompyuta, umeme ulikatika saa nne, jenereta iliwashwa saa sita, na mkufunzi mwingine, kijana mwenye ujuzi wa kweli, alilazimika kutusomea slaidi kutoka kwenye simu yake. Hata umeme ungekuwepo, kuwafundisha watu programu ambayo leseni yake ya mwaka inazidi mapato ya ofisi ndogo, bila kuwaonyesha hata moja ya zile za bure, ni kupoteza asubuhi nzuri.

Jumamosi ya nne inahitaji maneno zaidi, kwa sababu mada yake ni muhimu: mikataba na wajibu wa msanifu. Mkufunzi alitumia saa nyingi kutueleza bima ya miaka kumi ya Ufaransa, inayotokana na sheria ya mwaka 1978, na kutugawia mfano wa mkataba wenye vifungu ambavyo mwenye parseli, yaani kiwanja, wa mtaa wa Panzi hatavielewa wala hatavitia saini. Hakutaja kabisa kwamba sisi hapa Kongo tuna sheria yetu. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, humwajibisha msanifu pamoja na mjenzi kwa miaka 10 ikiwa jengo limeanguka kwa kasoro ya ujenzi, hata kama kasoro hiyo ni ya udongo. Tafakari maana yake kwa mji huu: msanifu aliyekubali kuchora nyumba juu ya mteremko unaosogea, bila kudai udongo upimwe, anaibeba nyumba hiyo mabegani mwake kwa muongo mzima. Somo hilo lingeungana moja kwa moja na picha za Funu za siku ya kwanza, na lingetufundisha kuandika katika mkataba kwamba mteja ndiye atakayelipia upimaji. Niliuliza swali hilo mwishoni; nilijibiwa kwa adabu kwamba muda umekwisha.

Kuhusu huduma nyingine, ukumbi ni msafi, viti vinavumilika, na chakula cha mchana, bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kiliandaliwa na mama mmoja ambaye angestahili kulipwa zaidi ya baadhi ya wakufunzi. Slaidi zote ziko kwa Kifaransa, nasi tumezoea, lakini ilionekana wazi kwamba mabishano ya maana, yale ya uani hasa, yaliendeshwa kwa Kiswahili, kwani fundi aliweza kujibu na kukosoa badala ya kuitikia tu. Nakala za masomo tuliahidiwa kwenye kifaa cha kuhifadhia data. Nilichopewa mimi kilikuwa na masomo ya siku ya kwanza na ya nne pekee, na michoro ya kadre ilibidi niipige picha kwenye daftari la mwenzangu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kituo ni kwamba wamrudishe yule fundi wa Kadutu na wamlipe kama mkufunzi, waiondoe siku ya kompyuta, na siku ya sheria wamwite wakili wa hapa. Ushauri kwa atakayejiandikisha awamu ijayo ni mwepesi zaidi: aende mwenyewe ofisini kwao, aulize bei ya Jumamosi mbili za kwanza peke yake. Mratibu aliniambia kwamba wanazikubali kwa dola 70, ingawa tangazo halisemi hivyo, na kwamba kwa dola 15 za ziada unaweza kuja siku ya nondo pamoja na fundi wako mkuu.