Laini ya maombi ya usiku: nyota nne, na kwa nini si tano

Figo zangu zote mbili zimechoka. Mara tatu kwa wiki nasafishwa damu, muda wa saa nne kila mara. Siku za mashine nimezizoea. Kazi iko usiku wake. Mwili umelegea, usingizi hauji, kiu imekubana na maji unayanywa kwa kipimo. Usiku mmoja wa namna hiyo nilipiga laini ya maombi inayoendeshwa na Wakristo wanaojitolea. Ni miezi kumi na minne sasa, na tangu mwaka huu mimi mwenyewe napokea simu zamu moja kwa wiki, kwa hiyo naijua huduma hii pande zote mbili.

Aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo usiokatika, na kila baada ya maneno machache alisimama kuvuta pumzi. "Usihangaike na huo mngurumo, mwanangu, ni mashine yangu ya oksijeni. Sema tu." Nilitaka kukata simu kwa haya. Mimi wa kumlilia mtu anayepumua kwa mashine? Akanizuia: "Nisipokupokea wewe, usiku huu nitakuwa nahesabu pumzi zangu."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Hakuuliza nasali wapi wala imani yangu ikoje. Baadaye nilirudia 1 Wafalme 19, Eliya amejilaza chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwambia ainuke ale, na Eliya akilala tena anaachwa alale. Sala ya yule mama ilikuwa fupi kwa sababu pumzi yake ilikuwa fupi, na mpaka leo ndiyo sala ninayoikumbuka.

Sasa kasoro. Simu hukaa muda mrefu bila kupokelewa; kuna usiku nilisubiri dakika ishirini. Mara nyingine nilimpata kaka aliyenihoji kama kuna dhambi sijaitubu. Iliniuma sana. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo kuhusu yule kipofu wa Yohana 9, naye akasema si huyu wala wazazi wake. Nililalamika, na baada ya siku mbili msimamizi akanipigia kuniomba radhi. Hilo nawapongeza.

Mafunzo ya wapokeaji ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Tunafundishwa kunyamaza, kazi ngumu kwa watu tuliozoea kuombea kwa sauti. Ni marufuku kumwambia mgonjwa aache dawa, na maisha ya mtu yakiwa hatarini tunamuunganisha na msaada wa dharura papo hapo. Pia tulisimuliwa habari za Chad Varah, kasisi wa Kianglikana aliyeanzisha huduma ya simu ya Samaritans huko London mwaka 1953. Watu walikuja kumwona yeye, lakini wengi walishusha mizigo yao kwa wasaidizi wa kujitolea waliowapokea pale wakingoja zamu, hata hawakumhitaji tena kasisi. Samaritans ya leo si ya dini, ila mimi nimelishika hilo la wasaidizi wa kawaida, maana mimi si mchungaji wala mshauri.

Tukasoma na 2 Wakorintho 8. Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika dhiki na umaskini mwingi, na ndiyo yaliyomsihi Paulo yapewe nafasi ya kuchangia wenzao. Yalisihi! Nilimkumbuka mama wa oksijeni.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja: ratiba. Wengi wetu tunaopokea ni wagonjwa, wajane, watu wenye madeni, na zamu zinapangwa kana kwamba wote tuna nguvu sawa. Niliwahi kupangwa usiku wa siku ile ile niliyotoka kwenye mashine. Nilipokea simu tatu, ya nne nikashindwa kufuata anachosema mtu, na yeye alikuwa analia. Nilimwomba radhi, nikamkabidhi kwa mwenzangu. Wasimamizi waulize afya zetu kabla ya kupanga, na wapumzike wanaotakiwa kupumzika, kama Eliya alivyoachwa alale.

Zamu yangu ni Alhamisi. Ukipiga na ukasikia nimenyamaza kidogo, nahamisha simu mkono wa kulia. Wa kushoto ndio unaochomwa sindano.