Firefox kwenye laptopu ya GB 4, Lamu: vichupo vikifa, usianze kulaumu kivinjari

Nyota 4 kwa 5.

Mashine ni laptopu ya ofisini, mtaa wa Langoni, dirisha linatazama bahari. Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, vipande viwili vya GB 2, na diski ya SSD ya GB 128. Inafungua eCitizen na iTax (tovuti za huduma za serikali na za kodi), barua pepe za wageni na WhatsApp, vyote kwa pamoja. Ugonjwa wake: kichupo (tab, ukurasa mmoja uliofunguliwa kwenye kivinjari) kinageuka ukurasa mtupu wenye ujumbe kwamba kimeanguka. Ukikirudisha, kinakaa dakika mbili, kinakufa tena.

Nyota nyingi nimezitoa kwa sababu moja: Firefox inakuonyesha panapouma. Andika about:processes pale juu unapoandika anwani, utaona kila tovuti inakula kumbukumbu kiasi gani, na unaweza kuua iliyozidi hapo hapo. Tangu mwishoni mwa 2021 kila tovuti hupewa mchakato (programu ndogo inayojitegemea) wake peke yake. Ndiyo maana kichupo kimoja hufa na vingine vikabaki hai, na ndiyo maana RAM huisha upesi. about:crashes nayo huweka orodha ya maanguko kwa tarehe na saa. Anza hapo, kabla fundi hajakwambia "tupige Windows upya".

Chanzo cha kwanza nilichokikuta kilikuwa diski. Watu hutazama RAM tu, lakini Windows huhesabu RAM pamoja na faili ya akiba iliyoko kwenye diski C. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory), usome zile namba mbili zenye mkwaju katikati zilizoandikwa "Committed". Zikiwa karibu sawa, mfano 7.7/7.9, kichupo kitakachoomba kipande kingine hakipati, kinakufa, hata kama RAM inaonekana bado ina nafasi. Hapa C ilikuwa imebakiza GB 1, kwa hiyo faili ile haikuwa na pa kukua. Nilihamisha picha na video, nikaacha GB 15 wazi. Kisha nikabonyeza Windows+R, nikaandika sysdm.cpl, sehemu ya Advanced, utendaji, tena Advanced, kumbukumbu pepe (Virtual memory, ndiyo faili ile ya akiba), nikatia alama Windows ijipangie yenyewe. Kuna mtu alikuwa ameiondoa alama hiyo "ili SSD isichakae". Firefox 105 ya 2022 ilifundishwa kusubiri kidogo Windows ikuze faili hiyo badala ya kuanguka papo hapo, lakini diski ikijaa hata kusubiri hakusaidii.

Viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye Firefox) na driva ya grafiki (programu inayoendesha kadi ya picha) havichukui muda kuvipima. Shikilia Shift huku ukifungua Firefox, ukubali hali ya kutatua matatizo: viendelezi vinalala, na kadi ya grafiki haitumiki. Vichupo vikitulia humo, rudi hali ya kawaida uzime viendelezi kimoja kimoja. Vikifa kwenye video na ramani tu, ondoa alama ya kutumia kadi ya grafiki kwenye mipangilio ya utendaji, ufunge na kufungua upya.

Baada ya hayo maanguko yalipungua, hayakwisha. Dalili ikabadilika: leo tovuti hii, kesho ile, na kivinjari kingine nacho kikawa kinaanguka. Hapo ni RAM yenyewe. Bonyeza Windows+R, andika mdsched.exe (kipimo cha RAM cha Windows yenyewe), iwashe upya. Ikianza bonyeza F1, chagua kipimo kirefu (Extended), kisha F10. Iache usiku kucha. Makosa yakitoka, pima kipande kimoja kimoja.

Kabla ya kununua kipya, safisha. Hewa ya chumvi hapa pwani haina huruma na meno ya RAM (vile vijipande vya dhahabu kingoni) wala tundu lake. Zima, chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10. Sukuma nje vishikizo viwili vya pembeni kwa kucha, kipande kitainuka chenyewe kwa mshazari. Kishike kingoni. Meno yaliyofifia yasugue polepole kwa ufutio mweupe wa penseli (ule mgumu wa wino una mchanga, utakwangua dhahabu), kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Fanya kazi hiyo mbali na laptopu, maana makombo yakiingia kwenye tundu umejinunulia ugonjwa mpya. Kirudishe kwa mshazari uleule, sukuma mpaka meno yakaribie kufichika, ukandamize chini hadi vishikizo vilie "ta". Kipimo cha pili hakikutoa kosa hata moja.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu GB 4 bado ni kidogo kwa Firefox ya sasa. Vichupo vinane hivi, basi. Vikizidi, fungua about:unloads ubonyeze kitufe chake: kila mbonyezo unalaza kichupo ulichokiacha muda mrefu, jina lake likibaki pale juu, na ukikigusa kinapakia upya. Fomu uliyojaza nusu itume kwanza.