Rupia ya Mjerumani ndani ya kasha la plastiki: ada inarudi?

Makopo ya sarafu yanayotoka kwenye masanduku ya wazee hapa Tanga hayatofautiani sana. Ndani utakuta rupia mbili tatu zenye Kaizari aliyevaa kofia ya tai, pesa za shaba za 1890 hadi 1892, hela zenye tundu, na pengine riale moja ya Maria Theresa. Mwenye kopo akiuliza thamani mtandaoni anajibiwa neno moja: tuma NGC au PCGS wazipange daraja. Huduma yenyewe ni nzuri. Ila kwa sehemu kubwa ya kopo hilo, ada itazidi bei ya sarafu.

Kampuni zote mbili ni za Marekani. PCGS ilianza 1986 na NGC 1987. Wanachouza ni vitu vitatu: uthibitisho kwamba sarafu ni halisi, daraja kati ya 1 na 70 kwa kipimo cha Sheldon, na kasha gumu la plastiki lenye namba. Kuanzia 60 ni sarafu isiyopita mikononi mwa watu. Usitegemee barua ya kukueleza kwa nini umepewa 55 na si 58; namba ndiyo jibu lote. Faida yake ni kwamba mnunuzi aliye Ujerumani, asiyekujua wala kuishika sarafu yako, anaweza kulipa akiwa na amani. Kama unamuuzia mtu wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, mtakayekaa naye barazani, namba hiyo haina kazi.

Tatizo kubwa la sarafu za kwetu ni usafi. Ukwaju na jivu, ndimu na chumvi, dawa ya meno: kila kinachong'arisha sinia la shaba kimeshapita juu ya rupia. Sarafu iliyosuguliwa haipewi daraja la namba. Inarudi na neno "Details" kwenye lebo, yaani ni halisi ila ina kasoro, likifuatiwa na "Cleaned" (imesafishwa), na ada hairudishwi. Sababu ni hii: madini yakigongwa na muhuri hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, na mistari hiyo ndiyo inayoleta mng'ao. Asidi inaila, jivu linaikwaruza, na hakuna njia ya kuirudisha.

Unaweza kulijua hili kabla ya kutoa senti. Zima taa zote ubakize balbu moja, shika sarafu kwenye ukingo, uigeuze polepole. Ya asili inaonyesha mwanga unaozunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli. Iliyosuguliwa inawaka yote kwa mpigo, weupe mkavu, na kwa kioo cha kukuza mara 10 unaona mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Angalia pia pembezoni mwa herufi za GUILELMUS II IMPERATOR: uchafu mweusi ukiwa umebaki kwenye mizizi ya herufi huku uwanja, yaani sehemu tambarare ya sarafu, ukiwa mweupe, mkono umepita hapo.

Kasoro ya pili ni kidani. Rupia nyingi ziliwahi kuvaliwa shingoni, na sonara akiitoa pete huacha alama ya lehemu juu ya kichwa cha Kaizari. Pitisha ukucha kwenye ukingo sehemu ya saa sita. Ukihisi uvimbe au ulaini usiofanana na ukingo wote, hiyo nayo ni "Details". Tundu lililozibwa ni vivyo hivyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Ya tatu ni chumvi ya bahari. Kutu ya kijani isiyokolea, inayochanua kama unga kwenye pesa na hela za shaba, ni kloridi inayoendelea kuila sarafu. Usiitume hivyo. Ile ya kijani inayonata, iliyotoka kwenye mifuko laini ya plastiki, ni jambo jingine: inatoka kwa kuloweka kwenye asetoni safi ya duka la kemikali, bila kusugua. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, iache.

Sasa zipi zinalipa? Ya kwanza ni rupia 2 ya 1893 au 1894. Ni adimu, na inaghushiwa mno, kwa hiyo hata "Details" inasaidia kuiuza. Uzito wake uwe karibu gramu 23.3, maradufu ya rupia 1 ambayo ni gramu 11.66. Kisha rupia 15 ya dhahabu ya 1916, ile ya ndovu, iliyogongwa Tabora kwa dhahabu ya Sekenke wakati Mjerumani amezingirwa: gramu 7.168, dhahabu ya asilimia 75. Hii usiiuze kabisa bila kasha, kwa sababu mnunuzi mwenye akili hataigusa. Rupia 1 ya kawaida inafaa tu ikiwa haijasuguliwa na manyoya ya tai juu ya kofia yanahesabika. Hela 5 kubwa ya 1908 na 1909, karibu gramu 20 za shaba, inalipa kama bado ina wekundu wake. Lebo itaandika RD (nyekundu), RB (nyekundu na kahawia) au BN (kahawia) kulingana na wekundu uliobaki.

Hela 20 za Tabora za 1916 zinahitaji jicho. Zilitengenezwa kwa haraka ya vita, zipo za shaba na za shaba ya njano, na nyufa au ukingo usiolingana ni kawaida yake, si dosari. Zina aina nyingi kwa ukubwa wa taji na umbo la herufi. Ukitaka aina hiyo iandikwe kwenye lebo, lazima uiombe na kuilipia zaidi. NGC wanaiita VarietyPlus. Kwa sarafu za koloni, tungeanza na NGC.

Riale ya Maria Theresa iache nyumbani. Imeandikwa 1780, lakini mwaka huo huo umeendelea kugongwa hadi leo, na nyingi zilizopo pwani ni za baadaye. Shilingi za Afrika Mashariki zilizochakaa nazo ziache. Kuanzia 1921 fedha iliyomo ni robo tu.

Kutuma kunaanza na uanachama wa kulipia, kwani akaunti ya bure hairuhusu kutuma mwenyewe. Jaza fomu mtandaoni, mstari mmoja kwa kila sarafu: nchi, thamani ya uso, mwaka, herufi ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora), na bei unayoitangaza. Bei hiyo inaamua ngazi ya ada na bima ya kurudi, kwa hiyo usiipunguze kwa ujanja. Kila sarafu iingie kwenye kifuko cha pande mbili kisicho laini. Zile kadi zenye pini za stepla zifungue kwanza, maana pini ikiteleza inachora shavu la Kaizari na daraja limeondoka. Funga vifuko visicheze, weka kiboksi ndani ya boksi. Gharama za kushughulikia na za usafiri zinatozwa kwa mzigo mzima, hivyo kusanyeni sarafu 10 au 20 na wenzako.

Uliza kabla ya kwenda kaunta. Kanuni za posta za kimataifa hazitaki sarafu kwenye barua isiyo na bima, na wasafirishaji wengi binafsi wanazikataa au hawazilipii zikipotea. Tangaza ukweli kwenye fomu ya forodha na utunze nakala, ili zikirudi zisihesabiwe umezinunua ng'ambo. Na sarafu za kale za Kilwa usizitoe nchini kamwe bila kibali: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Ukinunua iliyokwisha kufungwa, ingiza namba kwenye tovuti yao na ulinganishe picha mkwaruzo kwa mkwaruzo. Makasha bandia yapo, mengine yakibeba namba halisi ya sarafu nyingine.

Kasha nalo halizuii hewa. Shaba iliyorudi na wekundu ikikaa kwenye kabati linalotazama bahari itageuka humo humo, na dhamana zao zina mipaka kwenye rangi ya shaba. Liweke kwenye kopo la mfuniko wa mpira pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe masika yanapoanza.