Silabusi ya Orvieto: sura ya mwamba ni nzuri, karti ni ya kusahihisha

Silabusi hii ya fotokopi kuhusu Orvieto, mji wa Italia ya kati, inauzwa kwa wanafunzi wa utalii hapa Goma kwa dola 3. Ina kurasa 46 na spirali ya plastiki. Sura ya pili peke yake inatosha bei hiyo.

Sura hiyo ni ya mwamba. Orvieto imekaa juu ya tufu, yaani majivu yaliyoshikamana, yaliyotoka volkano za upande wa Bolsena zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Msomaji wa Goma asiichanganye na lava. Lava yetu inashinda sururu hata kwenye shimo la choo, lakini tufu inachongeka kwa mkono. Ndiyo maana chini ya nyumba za Orvieto kuna mapango zaidi ya 1,000 ya divai, njiwa na visima. Chini ya tufu kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua inapenya tufu, inakwama kwenye mfinyanzi na kutokea ubavuni. Mfinyanzi ukilainika, tufu ya ukingoni inakosa egemeo na mapande yanaporomoka. Maelezo yamepangwa vizuri, na mchoro wake unasomeka.

Sura ya nne inayumba. Inaweka Pozzo di San Patrizio kwenye karne ya 13, wakati kisima hicho kiliamriwa na Papa Clement VII, aliyekimbilia Orvieto baada ya Roma kuporwa mwaka 1527. Aliogopa mji kuzingirwa ukakosa maji. Msanifu Antonio da Sangallo alichora njia mbili za kuzunguka zisizokutana: nyumbu wanashuka kwa moja, wanavuka daraja dogo chini, wanapanda kwa nyingine na mzigo. Anayejua bidoni na chukudu zinavyobanana kando ya ziwa ataona faida mara moja. Ngazi 248 ni za kila njia, si jumla kama silabusi inavyosema.

Kanisa kuu, lililoanzwa 1290, limepewa nusu ukurasa tu. Kuta zake zina mistari ya mawe ya basalti nyeusi na travatini nyeupe, lakini kwenye fotokopi yote ni kijivu kimoja.

Karti ndiyo mbaya zaidi. Imepunguzwa kutoka A3 hadi A4, ila kipimo cha 1:10,000 kimeachwa vilevile: sentimita 1 sasa ni kama mita 141, si 100. Mistari ya mwinuko imefutika, kwa hiyo stesheni ya treni inaonekana iko sawa na mji. Iko chini bondeni. Watu wanapanda kwa funikula, yaani behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma mlimani, iliyoanza 1888 kwa nguvu ya maji na kurudi 1990 kwa umeme.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 17 na 18: nakala nyingi zimezigeuza. Mchoro wa mwamba uombe kwa rangi, hata ukiongeza franka kidogo.